Nyayo Zisizo Zako Juu ya Ulingo Wako

Ni mwaka mmoja sasa tangu uweke vijiti vyako chini, Nyundo, na mimi mkeo bado nina maswali uliyoondoka bila kuyajibu. Kaka yako alinishauri niandike kwa ufupi. Alisema tangazo la kumbukumbu ni picha, tarehe na mistari mitano. Nikamwambia, shemeji, hiyo mitano jiwekee wewe, mume wangu haenei humo.

Tena najua si ndugu peke yao watakaosoma ukurasa huu. Wale mashabiki wako wa fulana nyeusi nao watasoma, maana hakuna habari ya bendi inayowapita. Wasome tu. Mengi ya haya yanawahusu wao kuliko wanavyofikiri.

Ulikuwa seremala, na ulikuwa mpiga dramu wa hevi metali. Wengi walidhani jina la Nyundo ulipewa na mashabiki. Si kweli. Ulipewa na mama yako ulipokuwa mtoto wa kugonga masufuria, na karakana pamoja na bendi vililikuta jina limeshakomaa. Ulikuwa unanusa ubao kabla ya kuununua. Ukisikia mlango wa jirani unalia, ulichukua randa ukaenda kuunyamazisha bila kuombwa. Mshonaji wa hapa jirani mpaka leo anasema mlango wake umekuwa na adabu tangu uushike.

Mikono yako haikujua kutulia. Ulikuwa unakula unagonga sahani, unaongea na simu unagonga ukuta. Hata ukilala, mguu wako wa kulia ulikuwa unagonga ubao wa kitanda. Mapigo matatu yalikwenda sawa, la nne likachelewa kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu, halafu ndiyo akaingia. Nilikuwa nakuambia, "Mwenzangu, huo mguu nao haulali?" Unanijibu, "Unafanya mazoezi, mama." Nililalamika miaka yote. Hilo la mguu wanaosoma wasilisahau, nitalirudia.

Na mimi unanijua. Mimi sinunui mayai bila kuyatia majini kwanza. Fundi akiniambia saa imepona, nakaa palepale dukani mpaka nione mshale umezunguka. Ulikuwa unanitania kwamba hata malaika akija kunichukua nitamwomba kitambulisho. Basi fikiria hali yangu, mtu kama mimi, mume wangu mwenyewe alipoanza kunificha kitu.

Kwa asiyewajua, bendi ilikuwa ya watu wanne: wewe, Mwimbaji, Sindano wa gitaa, na Nguzo wa gitaa la besi. Mlianza mkiwa vijana wenye nywele mpaka mgongoni, mkaendelea mkiwa wazee wenye vipara na magoti yanayouma, na kelele zilikuwa zilezile. Mashabiki nao wakazeeka pamoja nanyi bila kuondoka. Mwenyekiti wao ni mfamasia, mtu mpole kabisa, anakupimia dawa ya kikohozi akiwa na koti jeupe, na ndani yake fulana nyeusi yenye picha ya mafuvu na jina la bendi.

Nguzo aliitwa hivyo kwa sababu kwenye maonyesho hasogei. Sindano atakimbia huku na kule. Mwimbaji atapiga magoti, ingawa miaka hii ya karibuni alikuwa anahitaji mtu wa kumwinua. Nguzo yeye alivua viatu akasimama peku kwenye kona ya ulingo wako, lile jukwaa dogo la mbao la kuwekea dramu, kama amepigiliwa misumari. Mashabiki walisema ule ndio mtindo wake, wakaupenda, na wengine wakaanza kuja kwenye maonyesho peku ili wafanane naye. Walikuwa wanarudi nyumbani wamekanyagwa vidole, wanafurahi.

Ulingo huo uliutengeneza mwenyewe. Upana wake kama mlango wa geti, kimo cha tofali, ndani mtupu. Dramu zako zilikaa nyuma, kona ya mbele ilikuwa ya Nguzo. Hukukubali kupiga mahali popote bila huo ulingo. Mlikodi gari kubwa zaidi kwa ajili yake, mkapanda nao ngazi, mkavunja nao taa za watu. Ukiulizwa, ulikuwa unasema dramu zinataka kukaa vizuri, na hapo maongezi yanakwisha.

Ndipo ikaja habari ya albamu. Bendi ilikuwa imekaa muda mrefu bila kurekodi, na mashabiki walikuwa wanauliza kila siku. Nyimbo zilikuwepo, mmezifanyia mazoezi mpaka nami nikazijua, mimi ninayeweka pamba masikioni. Sindano akapata studio ya kisasa. Huko kila mmoja anaingia chumba chake peke yake, anavaa hedfoni, anapiga sehemu yake, kisha kompyuta inaunganisha. Mwimbaji akakubali. Wewe ukakataa. Ukasema mtarekodi wote wanne chumba kimoja, juu ya ulingo wako, au hamrekodi. Mwenye studio akasema ulingo hauingii mlangoni, na hata ukiingia utalia kwenye maikrofoni. Ukamwambia ulingo wako haujawahi kulia, ukachukua kofia yako ukaondoka.

Mpango ukafa pale, na lawama zote zikakuangukia wewe. Mashabiki wakakubadilisha jina. Mtu waliyemwita Nyundo tangu ujana wao wakaanza kumwita Breki. Wakaandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana: BREKI ACHIA. Kwenye onyesho moja, ilipofika zamu yako ya kupiga peke yako, safu nzima ya mbele iligeuka ikakupa mgongo. Nilikuwepo. Niliuona uso wako. Ulipiga mpaka mwisho, ukashuka, ukaniuliza kama nimekula.

Nyumbani nikakuuliza, "Hivi kweli ni mbao tu?"

Ukasema, "Mbao ni mbao, lakini hizi ni zangu."

Nikakutazama. Seremala niliyeolewa naye alikuwa anagawa mbao kwa kila mwenye paa linalovuja. Leo huyohuyo ang'ang'anie ulingo mmoja mpaka apoteze watu aliowapigia dramu maisha yake yote? Machale yakanicheza, na tangu siku hiyo sikuacha kukuchunguza.

Halafu kulikuwa na Jumanne. Kila Jumanne mchana Nguzo alikuja karakanani, mkafunga mlango, na kilichosikika ni mguu wako tu kwenye ile ngoma kubwa, dum, dum, kisha kimya, kisha dum tena. Wimbo hakuna, mazungumzo hakuna. Watu wazima wawili. Nilimtuma binti yetu apeleke chai ili apate kuchungulia. Ukafungua mlango upana wa kikombe, ukapokea, ukafunga. Nikasema hawa wanakula njama. Kwanza nilidhani mnataka kuihama bendi mkaanzishe yenu. Baadaye nikadhani unaumwa na yeye ndiye anayejua, na hilo lilininyima raha kabisa.

Siku moja nikamvizia Nguzo getini. Nikamwuliza, "Mnafanya nini humo ndani?"

Akanitazama mdomoni, akatabasamu, akasema, "Salama tu, shemeji."

Nikasema kumbe huyu ananidharau. Nikamwekea kinyongo, na nilikilea vizuri.

Ukaondoka ghafla, mchana kweupe, karakanani, randa iko mkononi. Daktari alisema ni moyo. Maranda yalikuwa bado kwenye nywele zako chache zilizobaki. Niliyatoa moja moja, na nikamkataza mtu yeyote asikuguse kabla sijamaliza.

Kwenye mazishi bendi ilikuja, na mashabiki walikuja wengi. Hao peke yao hawakuhangaika kutafuta nguo nyeusi. Wengi wao ni walewale waliokupa mgongo, na niliwaangalia mmoja mmoja mpaka wakaona aibu. Mfamasia alilia sana. Sikumwamini. Nguzo alivua viatu akasimama peku kwenye udongo wa kaburi lako, na watu wakanong'ona kwamba hata msibani analeta mtindo. Mimi nilisema moyoni, huyu anajua kitu.

Hata miezi mitatu haikupita, Sindano akatangaza mipango. Bendi itarekodi albamu mpya, ya mwisho, na wewe utakuwemo. Alisema alikuwa na tabia ya kuacha kinasa sauti kikienda kila mnapofanya mazoezi, na maikrofoni moja ilikuwa mbele ya dramu zako siku zote, kwa hiyo mapigo yako ya nyimbo zote anayo. Akatoa kipande kifupi mashabiki waonje. Albamu ya mwisho, eti. Hiyo ya mwisho walishatangaza mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kusikiliza.

Mashabiki wakagawanyika. Nusu walifurahi. Nusu walisema ile ni mashine, Nyundo hayumo, tunauziwa mbuzi kwenye gunia. Wakagombana hadharani, watu wazima wenye wajukuu. Mwishowe mfamasia akaja mlangoni kwangu na wenzake wawili.

"Mama," akasema, "mimi nimemsikiliza Nyundo tangu sijaota ndevu. Kile kipande si chake. Familia mmeruhusu?"

"Unayemwita Nyundo ni yupi?" nikamwuliza. "Breki?"

Akainamisha kichwa. Wenzake wakaanza kutazama maua yangu. Niliwafungia mlango, lakini maneno yake yalibaki ndani ya nyumba. Ikiwa ni kweli, basi mume wangu alikuwa ametukanwa akiwa hai na sasa anaghushiwa akiwa amekufa.

Kisha wakaanza kuja kutaka ulingo. Alianza Sindano. Alisifu chai, akasifu mapazia, nikajua kuna jambo. Akasema anataka ulingo akauhifadhi kwake kwa heshima yako. Wiki iliyofuata akaja Mwimbaji, akasema kuna watu wanafungua nyumba ya makumbusho ya muziki, ulingo utakaa kwenye kioo. Watu wawili, bendi moja, hadithi mbili. Nikamwuliza Mwimbaji, "Sindano anajua habari ya hiyo makumbusho?" Akapaliwa na chai. Nikajisemea, mlimlaumu mume wangu kwa sababu ya ulingo, na leo mnakuja kuupigania ulingo wenyewe? Hakuna aliyeondoka na hata msumari.

Walipotoka nikamwita binti yetu. Tukaenda karakanani, tukaupindua ulingo. Nilikuwa na hakika umeficha kitu. Tukagonga kila ubao, tukamulika kila pembe. Hakuna kitu. Binti yetu akacheka, akasema, "Mama, umeuchunguza kama mbuzi wa mahari." Tukaurudisha sawasawa, na hapo akaniita nisogee kwenye ile kona ya mbele.

Kulikuwa na nyayo mbili zilizochimbika kwenye ubao. Siyo alama za rangi, hapana. Ubao wenyewe ulikuwa umelika taratibu, ukalainika, unang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Visigino, vidole, vyote vinaonekana. Tena pembeni mwake kulikuwa na alama za patasi yako, umeusugua na kuuchonga ule ubao uwe mwembamba pale chini ya miguu na si mahali pengine.

"Mama," binti yetu akasema, "hii siyo miguu ya baba."

Mguu wako ulikuwa mwembamba na mrefu, nimekukatia kucha mara ngapi. Hii ilikuwa mipana, ya mtu mzito. Nikaweka mguu wangu juu yake nikahisi baridi ya ubao. Kwa nini umchongee mtu mwingine mahali pa kusimama, umsugulie kama unamtandikia kitanda, halafu ukubali kutukanwa kwa ajili hiyo?

Mwenye miguu akaja mwenyewe. Nguzo alifika siku ya mwisho wa juma, hakusifu chai wala mapazia. Alisimama sebuleni dirishani, amenipa kisogo, anaangalia karakana. Nikamwambia, "Kaa." Hakukaa. Nikamwambia tena kwa sauti. Kimya. Kile kinyongo changu kikaamka, na kikaamka pamoja na wazo. Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikauachia sakafuni nyuma yake.

Binti yetu aliruka. Paka alitoka mbio. Nguzo hakutikisika hata bega.

Nikauokota nikauangusha tena, maana mimi jaribio moja halinitoshi. Ndipo alipougeukia uso wa binti yetu, akaona ulivyoshtuka, akaangalia chini, akauona mfuniko bado unazunguka. Akakaa mwenyewe bila kuambiwa.

"Umejua, shemeji," akasema.

Akatueleza. Ilianza kwa mlio, kama nzi aliyeingia asitoke. Kisha sikio moja likafa, na la pili likabaki linasikia kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya tangi. Aliogopa. Mwimbaji wenu wa kwanza, sauti yake ilipokatika, mlimbadilisha kabla koo halijapoa, na Nguzo alikuwa mmoja wa waliopiga kura. Alijua yatakayompata. Gitaa la besi ndilo alilobaki nalo baada ya mkewe kufariki. Akakuambia wewe peke yako, na wewe hukumwambia pole. Ulimwambia, "Vua viatu."

Kumbe ndiyo kazi ya ulingo. Uliutengeneza mtupu ndani ili ngoma ya mguu wako iende chini ya mbao mpaka kwenye nyayo zake. Hizo Jumanne mlikuwa mnafunga mlango ili wewe upige na yeye asome kwa miguu. Ndiyo maana studio ya vyumba uliikataa. Pale katika chumba chake, na hedfoni zake, Nguzo angesimama kama mtu aliyeachwa gizani, na kila mtu angejua.

"Na hao wengine hawakugundua?" nikamwuliza, nikiwa nimemkabili ili anione mdomo.

"Shemeji, ni bendi ya hevi metali. Nani atashangaa mtu akisema eti nini?"

Alisema alitaka kukiri siku ile mashabiki walipokupa mgongo. Ulimzuia. Ulimwambia, "Waache waniite Breki. Breki nayo ni sehemu ya gari." Aliposema hivyo alifunika uso, na binti yetu akamshika mkono. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa kwako.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" nikauliza. "Mkewe?"

Nguzo akafuta uso. "Nilimwuliza. Alisema, nikimwambia mama, atachunguza. Akichunguza atauliza. Akiuliza, mji mzima utajua."

Ni kweli, na ukweli wake ndio ulioniuma. Nyundo, tulilala kitanda kimoja maisha mazima, na siri yako ukaziachia mbao. Sikuombi radhi kwa kukuchunguza. Ulificha, nikatafuta. Lakini wakati ule walipokugeuzia mgongo ningekuwa naijua sababu, ningesimama nyuma yako pale jukwaani na pamba zangu masikioni. Hilo umeninyima, na bado nalisikitikia.

Nguzo akasema shida yake. Aliwaambia wenzake kwamba bila ulingo harekodi, na kwa kuwa hakutaja sababu, kila mmoja akabuni yake ya kuniambia mimi. Alikuwa amefikiri hivi: spika kubwa ilazwe kifudifudi juu ya ulingo, mapigo yako yapite humo, na yeye asimame mahali pake kama zamani. Aliomba kuazima.

Nikampa masharti. Kwanza, atawaambia wenzake ukweli kwa mdomo wake. Pili, nitauandika hapa, ili waliomwita mume wangu Breki wajue alikuwa amemkinga nani. Akasema, "Andika, shemeji. Nimechoka kuficha." Tatu, hakuna kitakachorekodiwa mpaka nihakikishe kwamba anayepiga ni wewe. Akaniuliza nitahakikishaje, mimi ninayeisikiliza bendi na pamba masikioni. Nikamwambia hilo aniachie mimi.

Tukaupeleka ulingo kwenye chumba chenu cha mazoezi, lile ghala la matairi la zamani, ambalo bado linanuka mpira. Nilisisitiza mfamasia awepo kama shahidi wa mashabiki. Alikuja na koti jeupe, amekimbia kazi.

Nguzo akasimama mbele ya wenzake akasema. Alisema polepole. Akamaliza. Mwimbaji akakuna kidevu. "Mimi la kushoto nalo limekwenda," akasema. "Miaka sasa. Niliogopa mtanibadilisha kama yule wa kwanza."

Tukamgeukia Sindano.

"Eti nini?" akasema Sindano.

Nilicheka mpaka machozi, na sikujua ni machozi ya aina gani. Miaka yote ile uliitwa Breki ukimficha kiziwi asijulikane na viziwi wenzake. Ungesikia ungekaa chini kwenye maranda ukacheka wewe pia. Mfamasia hakucheka. Alikaa juu ya tairi, akavua miwani, akasema, "Ile chaki mlangoni ilikuwa mwandiko wangu." Nikamwambia niliujua, nausoma kila siku kwenye chupa zangu za dawa.

Basi spika ikalazwa juu ya ulingo. Nikavua viatu, nikapanda, nikaweka miguu yangu ndani ya nyayo za Nguzo. Sindano akawasha. Mbao zikatetemeka, tetemeko likanipanda mpaka magotini. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Zote sawa, zimepangwa kama vigae vya bafu. Nikasubiri. Nikasubiri tena.

"Huyu siye," nikasema.

"Ni yeye, shemeji," akasema Sindano. "Nakuapia."

"Sindano, huyu mguu nimelala nao. Huyu siye."

Akatazama viatu vyake, kisha akatoboa siri. Mapigo ni yako, lakini ameyapitisha kwenye kompyuta na kusogeza kila pigo likae mahali pake. Siku hizi wote wanafanya hivyo, akasema. Alikuwa anakunyoosha tu, kidogo, utoke safi.

"Mbao ndizo hupigwa randa," nikamwambia. "Siyo mume wangu."

Akaomba radhi, akatafuta mazoezi yenyewe kama yalivyonaswa. Akawasha. Kwanza kilitoka kikohozi chako. Kisha kiti chako kikalia, wewe uliyenyamazisha milango ya watu wote. Kisha ngoma ikaja chini ya miguu yangu. Moja, mbili, tatu, halafu pale mlangoni ukasimama kidogo, ukakumbuka kitu chako, ukaingia.

Ni wewe. Nalisema hapa kwa kila mwenye shaka, na mwenye shaka kunizidi mimi bado hajazaliwa. Ni wewe.

Sikushuka. Wimbo ulikwisha, Sindano akauanzisha tena bila kuombwa, nikaendelea kusimama. Mwaka mzima nimelala kwenye kitanda kisichogonga, na kimya chake kilikuwa kinaniamsha. Binti yetu akavua viatu akapanda, nikambana pembeni yangu, miguu minne kwenye nyayo mbili. Akasema, "Huyo baba." Nguzo alikuwa chini, peku, gitaa liko begani, anangoja zamu yake. Hakutuharakisha.

Kwa hiyo mashabiki sikieni. Albamu inarekodiwa, bendi nzima chumba kimoja, juu ya ulingo, mapigo ya Nyundo yakiwa yalivyo, na kikohozi kimebaki. Kama ni ya mwisho au siyo, mimi simo, hao watu wanasema mwisho kama wengine wanavyosema kwaheri mlangoni. Wanaotaka kuomba radhi wasije na maua. Mlango wa karakana una chaki, waje na kitambaa na maji. Mfamasia ameshafuta herufi tatu.

Ulingo nimewaazima, sikuwapa. Wameahidi kuurudisha Ijumaa. Nitakuwepo getini kukagua kila ubao, unanijua.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, binti yako ambaye sasa anagonga sahani akila, kaka yako wa mistari mitano, dada zako, wakwe zako, majirani ambao milango yao hailii, Mwimbaji, Sindano, na Nguzo, ambaye tangu sasa ni shemeji yangu wa kweli na kinyongo nimekitupa.

Daima tutakukumbuka, Nyundo. Na siku tutakapoonana, utanieleza mwenyewe kwa nini hukuniambia. Usihangaike kupaza sauti. Nitavua viatu.